Krimu ya Kuliwa Kwanza

Katika nyumba ile hakuna mtu aliyeruhusiwa kula uyoga wa mwitu kabla mama mkwe hajaula yeye, akalala, akaamka. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, zamani, kabla mwanawe hajaota meno. Aliokota, akapika kidogo, akala peke yake jikoni, kisha nyumba nzima ikasubiri asubuhi. Akiamka na kumkaripia mtu wa kwanza kumwona, basi uyoga ni salama, watu wale.

Kwa hiyo mke wa mwanawe alipoanza kutengeneza krimu ya uso kwa uyoga, bibi yule hakuona sababu ya kubadili utaratibu. Alivuta kikopo cha kwanza kabisa, krimu ikiwa bado vuguvugu, akachota kijiko kimoja na kukilamba mpaka kikang'aa.

"Mama, hiyo ni ya kupaka," mke wa mwanawe alimwambia.

"Kwani uso wako hauna mdomo?"

Swali hilo halikuwa na jibu la kitaalamu, na mkwe huyo alikuwa mtu wa majibu ya kitaalamu. Mtaani walimwita Mama Sindano, kwa sababu kwa miaka kumi na minne ndiye aliyewatoa damu wote katika maabara ya hospitali, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyesahau. Alikuwa na stashahada ya maabara. Ilitundikwa sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Picha ya harusi ilikuwa chumbani, nyuma ya mlango.

Halafu hospitali ikanunua mashine. Mashine ilifika ndani ya sanduku kubwa kama kabati, na Mama Sindano ndiye aliyechaguliwa kujifunza kuitumia na kuwafundisha wenzake. Alifundisha vizuri mno. Baada ya mwezi mmoja aliandikiwa barua ya shukrani kwa kazi hiyo nzuri, na ndani ya barua hiyo hiyo ya shukrani ikawamo tarehe yake ya mwisho kazini.

Alikaa nyumbani wiki mbili. Wiki ya tatu alipanga upya kabati zote za jikoni. Wiki ya nne alipanga upya ramani za mumewe, ambaye alikuwa mwalimu wa jiografia na mtu mpole asiyependa ugomvi, mpaka ikabidi mwalimu aombe msaada kutafuta ramani ya dunia. Ndipo macho ya Mama Sindano yakaangukia mikono ya mama mkwe.

Uso wa bibi yule ulikuwa na makunyanzi yote yanayomstahili mtu wa miaka sabini na moja. Lakini mikono yake, ambayo kila msimu wa mvua ilishinda ndani ya beseni la uyoga, ilikuwa laini kama ya mtu asiyewahi kusugua sufuria. Na sufuria alikuwa amesugua nyingi, muulize tu.

Mama Sindano akaanza kazi. Banda la gari, ambalo halikuwahi kuona gari, alilipiga rangi nyeupe, akaweka meza ya bati, mzani mdogo, friji ya zamani na blenda mbili. Mlangoni akabandika karatasi: MAABARA. VUA VIATU. Uyoga aliotumia ulikuwa wa aina mbili. Mmoja ni ule wa kahawia unaoota kwenye magogo yaliyooza, unaofanana na sikio la mtu. Ukiuloweka unavimba na kutoa ute unaoshika maji kwenye ngozi. Wa pili ni ule mweupe wa kwenye vichuguu. Aina zote mbili zililetwa na mama mkwe, ambaye peke yake alijua zinakoota na hakupata kumwambia mtu, hata marehemu mumewe, ambaye aliuliza mpaka kitandani alipougua.

Mafunzo ya maabara yana mambo yake. Mama Sindano hakuvumilia udongo. Siku ya kwanza mama mkwe alipoingia na kapu likidondosha matope, aliambiwa kwa heshima zote, lakini aliambiwa, kwamba uyoga usafishwe nje, ukatwe mashina nje, uoshwe mara tatu nje, na uingie ndani ukiwa safi kwenye trei. Bibi akasema sawa. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya banda na kisu chake, na kutoka siku hiyo trei ziliingia safi kama vyombo vya upasuaji.

Kilichobaki ni ulimi. Krimu ya kwanza ilikuwa na manukato ya waridi na dawa ya kuzuia isioze. Mama mkwe aliitema kwenye maua, na maua yakanyauka. Hakuna kitakachotoka nyumbani kwake, akasema, ambacho yeye hawezi kukimeza, kwa sababu likitokea la kutokea watu hawatasema Mama Sindano amekosea, watasema uyoga wa yule bibi umeua. Ikabidi manukato yaondoke. Dawa nayo ikaondoka, ikaingia limau. Mwisho krimu ikabaki na mafuta ya alizeti, nta ya nyuki, asali, limau na maji ya uyoga, ikawa inakaa kwenye friji wiki tatu na si zaidi. Mama Sindano aliona aibu kuiita uvumbuzi, lakini nyuso za wanawake watatu wa saluni ya jirani zilikuwa na maoni mengine. Zilitulia, zikalainika, na wenyewe wakaanza kukaa karibu na dirisha.

Jambo moja alilikataa. Alimweleza mama mkwe kwamba kulala na kuamka hakutoshi, kwamba kuna uyoga unaomuua mtu siku ya tatu wakati ameshajisifu kwamba amepona, na kwamba kuonja si kipimo. Mama mkwe alimsikiliza kwa makini sana.

"Basi nitakula Jumatatu," akasema, "na nyinyi mpake Alhamisi."

Ikawa hivyo. Na kwa kuwa miaka kumi na minne haimtoki mtu kwa siku moja, Mama Sindano akajikuta anaandika. Alinunua daftari gumu. Kila chungu cha krimu kilipewa namba, na chini ya namba akaandika saa ambayo mama mkwe amekula, vijiko vingapi, presha yake kabla na baada, joto la mwili, choo, usingizi, na hali ya jumla. Kwenye hali ya jumla mara nyingi aliandika: mkali kama kawaida. Hakumwonyesha mtu daftari lile. Alilificha kwenye droo chini ya taulo, kama mtu anavyoficha barua.

Mwenye duka kubwa la dawa, mtu mnene aliyependa kuzungumza huku akipanga chupa, alikuwa amekwisha kubali kuipokea krimu. Alikuwa na rafu tupu karibu na mlango. Alichotaka ni kibali cha serikali tu. Na kibali kilikuwa na fomu, na fomu ile ilikuwa na kisanduku ambacho Mama Sindano alikijaza kabla ya vingine vyote, kwa herufi kubwa, kisha akakaa akikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama picha yake ya harusi: JINA LA MTAALAMU MHUSIKA.

Pesa alizihitaji, nani hazihitaji. Lakini mumewe alijua, na mama mkwe alijua, na hata wale wa saluni walijua, kwamba alichokitaka Mama Sindano ni kisanduku kile. Alitaka karatasi yenye muhuri iseme kwamba yeye ni mtaalamu wa kitu, na kwamba hakuna mashine itakayoletwa kwenye sanduku kumwambia asante.

Barua ikaja. Mkaguzi angefika Alhamisi, saa nne asubuhi.

Kuanzia Jumamosi nyumba haikukalika. Mama Sindano alisugua banda mpaka rangi ikaanza kutoka. Alichapisha karatasi za vipimo, akazipanga kwenye faili lenye vitenganishi vya rangi. Alipomaliza vyote hivyo alibaki na kitu kimoja kisichoingia kwenye faili, nacho kilikuwa kimekaa kwenye kigoda nyuma ya banda kikikata mashina ya uyoga na kukohoa.

Alimwambia mumewe kwamba itakuwa vizuri kama mama angekwenda kumtembelea dada yake kwa siku mbili tatu. Mumewe akauliza vizuri kwa nani. Akajibiwa vizuri kwa wote. Mwalimu, ambaye kazini aliweza kueleza mito ya bara zima bila kutazama kitabu, alichukua siku tatu kumweleza mama yake sentensi moja, na alipomweleza aliizungusha sana hivi kwamba bibi alidhani dada yake amefariki.

Alipoelewa, hakukasirika. Hilo lilimtia Mama Sindano wasiwasi zaidi. Alikwenda chumbani, akafunga kitenge, akachukua mkoba, akaaga. Mlangoni aligeuka.

"Kile chungu cha Jumatatu siku yake ya tatu ni kesho. Mtakifanyaje?"

Akaambiwa kitafanyiwa vipimo vya kisasa. Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za nchi ya mbali, akaondoka.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu bapa, mkoba wa begani, na kalamu mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na tabia ya kugoma. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama Sindano akampenda papo hapo. Alimwonyesha mzani, friji, maji yaliyochujwa, vijiti vya kupimia ukali wa limau. Alimweleza ute wa uyoga unavyoshika maji, akatumia maneno marefu, na yule mwanamke akawa anaandika maneno hayo yote bila kuuliza tahajia. Mambo yalikwenda kama saa. Mama Sindano alianza kuliona jina lake likiwa na muhuri juu yake, muhuri wa bluu, umeinama kidogo.

Kisha mkaguzi akauliza uyoga anautambua nani.

Mama Sindano alijibu kwamba uyoga unatambuliwa kwa kuzingatia sifa zake. Mkaguzi akasema ndiyo, na anayezizingatia ni nani. Akajibiwa kwamba ni mtaalamu mhusika, kama ilivyo kwenye fomu. Mkaguzi akaitazama fomu, akatazama stashahada iliyoambatanishwa, akaisoma yote, hata jina la mkuu wa chuo.

"Hii ni ya damu na mkojo," akasema kwa upole. "Uyoga hauna damu, mama. Wala haukojoi."

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa, na mama mkwe akaingia, miguu mitupu, kitenge kile kile cha jana, kijiko mkononi. Alikuwa amelala kwa dada yake usiku mmoja, akaamka alfajiri na kupanda gari la kwanza, akapitia msituni kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na ni upumbavu kupita bila kuokota. Kapu aliliacha nje, kwa kuheshimu masharti ya maabara. Hakuja kuharibu shughuli ya mtu, alieleza baadaye, na huenda ni kweli. Alikuja kwa sababu leo ilikuwa siku ya tatu na hakuna aliyempima presha.

Mkaguzi akasimama na kumwamkia shikamoo. Bibi akaitika, akafungua friji, akatoa kikopo, akachota kijiko kimoja cha chungu cha Jumatatu na kukimeza. Kisha akakaa kwenye kiti cha mkaguzi, akakunja mkono wa blauzi, akaunyoosha mezani.

"Haya, funga mpira wako," akamwambia mkwewe. "Au leo kwa sababu tuna mgeni mimi sina presha?"

Mama Sindano alitamani mashine ya hospitali ingekuwepo aingie ndani yake. Alifunga mpira. Alipima. Na mkono, ambao haukumwomba ruhusa, ukafungua droo, ukatoa daftari chini ya taulo na kuandika.

Mkaguzi aliomba kuliona. Alilisoma akiwa amesimama, kurasa zote, tangu chungu namba moja, huku mama mkwe akimweleza kando kwamba namba nne ilikuwa chungu mno na namba tisa ilimfungisha choo. Alisoma kwa muda ambao faili lenye vitenganishi vya rangi halikuupata. Alisema hajawahi kuona kumbukumbu zilizotunzwa vizuri namna ile, hata kwenye viwanda vyenye mageti. Mama Sindano alifungua mdomo kushukuru, lakini mkaguzi alikuwa tayari amegeuka.

"Bibi, umeokota uyoga kwa miaka mingapi?"

"Sijui. Wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Basi hesabu ya kaka yako mkubwa."

Mkaguzi akacheka, akaandika arobaini. Halafu akaomba aone kapu. Wakatoka nje wote watatu. Kapu lilikuwa na uyoga mweupe, wenye udongo wake, na pembeni, juu ya jani, mama mkwe alikuwa ameweka uyoga mmoja peke yake. Huo, alisema, aliukuta katikati ya wenzake kama mtu aliyeingia harusini bila kualikwa, akauchukua ili akauzike asije mtoto akauokota. Mkaguzi akauchukua ule wa kwenye jani kwa karatasi, akachukua na mmoja kapuni, akaichanganya kidogo mgongoni, kisha akaiweka yote miwili sambamba mbele ya Mama Sindano.

"Mtaalamu mhusika," akasema, "upi tupake?"

Mama Sindano akainama. Kwenye trei angeutambua, alikuwa na hakika. Kwenye trei uyoga ulikuwa vipande vyeupe, vilivyooshwa mara tatu, vyenye harufu nzuri. Hii ilikuwa na mashina. Ilikuwa na miguu, na miguu ilikuwa na matope, na kwa miezi kumi alikuwa amepiga marufuku matope yasimkaribie. Mmoja ulikuwa na mzizi mrefu, mweusi, uliochongoka kama mkia wa panya, mchafu kweli. Mwingine chini yake palikuwa pamevimba vizuri, umekaa kama yai ndani ya kikombe. Akauchagua ule nadhifu.

Mama mkwe alifumba macho.

"Huo," mkaguzi akasema taratibu, "ungetupeleka wote kule ulikofanya kazi zamani. Na mashine yao isingetusaidia."

Mkia wa panya, mama mkwe alieleza, ndio mzizi unaozama mpaka ndani ya kichuguu, na ndiyo sababu yeye huchimba, hakati. Kikombe ndicho kifo. Jambo hilo hata mbuzi analijua. Alisema hivyo bila kejeli, kwa kweli alisema kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Mama Sindano kuliko kejeli zote za miaka kumi na mmoja ya ndoa. Mkaguzi alikula mkate kwa krimu kidogo, akiwa sasa ana hakika nayo, akasifu limau, akavaa viatu na kuondoka.

Barua ya pili ilikuja baada ya wiki tatu. Mama Sindano aliisomea sebuleni akiwa amesimama. Kibali kilikuwa kimetolewa. Alirudia mstari huo mara mbili kwa sauti, mumewe akapiga makofi. Kisha akaendelea kusoma kimyakimya, na mwalimu, kwa kuwa aliujua uso wa mkewe kama ramani, akaacha kupiga makofi.

Idara, barua ilisema, ilikuwa imejadili kwa kina. Bidhaa isiyo na kitu chochote kisicholiwa, inayoliwa na mtengenezaji, inayoliwa kila wiki kwa kumbukumbu zisizo na dosari, na iliyoliwa hata na mkaguzi, si krimu. Ni chakula. Kwa hiyo ilisajiliwa katika kundi la vitu vya kupaka kwenye mkate, na kwenye kila kikopo yaandikwe, kwa herufi zisizopungua ukubwa uliotajwa: KWA KULA TU. USIPAKE USONI. Mtaalamu mhusika atakuwa mama mzazi wa mume, kwa uzoefu uliothibitishwa wa miaka arobaini. Mwombaji, kwa kuwa ana ujuzi mzuri wa kutunza kumbukumbu, atasajiliwa kama msaidizi wa mtaalamu, chini ya usimamizi. Na kwa kuwa si sawa mtaalamu ajipime mwenyewe, kuanzia sasa atakayeonja ni msaidizi. Wahusika wasaini ndani ya siku saba, la sivyo kibali kitafutwa.

Siku ya kwanza Mama Sindano alisema hasaini. Siku ya pili alimpelekea mwenye duka la dawa nakala, akitumaini atakataa na mambo yaishie hapo, kwa sababu duka la dawa haliuzi vya kupaka mkate. Mwenye duka alisoma onyo mara moja, akaacha chupa zake, akasoma tena, akaanza kutabasamu. Aliuliza kama herufi zinaweza kuwa kubwa zaidi. Mwanamke akiambiwa na serikali asipake kitu usoni, alisema, atataka kujua kinafanya nini usoni. Aliomba vikopo mara mbili ya walivyokuwa wamekubaliana. Wanawake wa saluni walipopata habari walicheka mpaka mmoja akaunguza nywele za mteja, kisha wakasema wao watakuwa wanakula mkate mbele ya kioo.

Siku ya tatu na ya nne alimwandikia mkaguzi barua za malalamiko, akazichana. Tatizo la barua zile ni kwamba kila alipofika mahali pa kueleza kwa nini yeye ndiye mtaalamu, alikumbuka kikombe. Siku ya tano mumewe alimwambia, akiwa mbali kidogo, karibu na mlango, kwamba msaidizi nalo ni neno. Kisha akaenda kusahihisha madaftari.

Siku ya sita alikwenda nyuma ya banda. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake. Alikuwa ameshasaini siku ile ile ya kwanza, jina lake zima, kwa mwandiko wa polepole uliochukua mistari miwili, na tangu hapo alikuwa na namna mpya ya kushika kisu. Karatasi ilikuwa magotini mwa Mama Sindano, na kisanduku kama kile alichowahi kukijaza kwa herufi kubwa sasa kilikuwa kimejaa mwandiko wa mtu mwingine. Chini yake palikuwa na mstari mfupi.

"Nimesoma miaka mitatu chuoni," alisema. "Nimefanya kazi kumi na minne. Halafu niandike msaidizi."

"Nani amekulazimisha?"

"Nisipoandika kibali kinafutwa."

"Kifutwe. Mimi uyoga nilikuwa nakula hata kabla yako."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli hakukuwa na faida ya kubishana nayo. Bibi angeweza kurudi kesho kwenye sufuria zake na asipungukiwe kitu. Aliyekuwa na cha kupoteza ni mmoja tu hapo, na alikuwa amekaa chini kwenye udongo na sketi yake ya kazini. Alifikiria banda lililosuguliwa. Alifikiria kupanga upya kabati. Akachukua kalamu na kusaini, haraka, jinsi alivyokuwa akiwachoma watoto sindano, kabla mwenyewe hajapata muda wa kulia.

Kisha akanyoosha mkono kapuni, akatoa uyoga mmoja wenye matope yake yote, akaugeuza miguu juu. Ulikuwa mweupe kama ile mingine. Hakuona mkia wa panya wala kikombe, ila kitu cha katikati, ambacho kingeweza kuwa chochote.

"Mama," akasema, "huu unaujuaje?"

Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kumuuliza swali hilo. Mama mkwe aliupokea uyoga, akaugeuza, akaupuliza udongo, akaurudisha mikononi mwa mkwewe bila kusema ni mzuri au ni mbaya. Akapangusa kisu kwenye kitenge. Akamtazama kama karani wa dirishani anavyomtazama mtu aliyesahau kuleta picha mbili za pasipoti.

"Maswali kwa mtaalamu," akasema, "yaletwe kwa maandishi."

Mama Sindano alisubiri acheke. Hakucheka. Basi akainuka, akaingia ndani kutafuta karatasi.